Ndoo Kabla ya Kumwona Mzazi

Mtu wa kwanza kuzuiwa mlangoni pangu alikuwa mkuu wangu wa kazi. Alikuja kwetu Kiseke, Mwanza, siku ya sita baada ya mimi kujifungua, akiwa na wenzetu watatu wa ofisini na kapu la zawadi lililofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Mlangoni walimkuta mwanamke mzee amekalia kigoda, amejitanda kanga, miguu ameinyoosha kiasi kwamba hakuna ambaye angepita bila kuiruka. Hakuinuka. Aliitikia shikamoo zao moja baada ya nyingine, kisha akaelekeza kidole kwenye ndoo yake ya njano iliyokuwa kando ya ukuta.

"Bomba liko nyuma ya nyumba," alisema. "Ikijaa, mimineni kwenye pipa la jikoni. Mkimaliza mtamwona mzazi. Dakika tano."

"Bibi, sisi ni wageni," mkuu wangu alisema huku akicheka.

"Nimewaona. Mnadhani huyo aliyelala ndani ni mwenyeji? Huyo amepasuliwa tumbo. Chota, baba."

Nilisikia yote kutoka nyuma ya pazia, nikajifunika shuka usoni kwa aibu. Mkuu wangu alichota. Alipoingia chumbani ncha za suruali yake zilikuwa zimelowa, naye alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama ofisini, kama mtu aliyegundua kwamba nina mwili.

Mwanamke yule alikuwa mkandaji. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa katika miaka yote niliyomjua sikumsikia mtu akilitumia. Kuanzia Mabatini alikoishi hadi kwetu Kiseke, aliitwa Mkandaji, na kazi yake ilikuwa kumhudumia mwanamke aliyetoka kujifungua, ambaye yeye alimwita mzazi, mpaka zitimie siku arobaini. Alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa kile kitambaa kirefu kiitwacho mkaja, akasimamia uji wake na supu yake, na zaidi ya yote akamlinda. Ukoo wake siujui. Sidhani kama ningemwelewa zaidi kwa kuujua.

Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mwingine yeyote mwenye kazi ya mikono. Kabla hajamgusa mzazi mpya, alimsimulia kosa lake. Siku aliyokuja kwangu alifunga mlango wa chumba, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka mikono yake mapajani, viganja juu.

"Kabla sijakugusa, nikuambie niliyemuunguza," alisema. "Ukishasikia, ukitaka niondoke, naondoka, na chai yenu sinywi."

Niliyoyasikia ni haya. Zamani kidogo aliitwa kumkanda jirani yake wa Mabatini aliyejifungua kwa upasuaji. Yeye alikuwa amefundishwa na mama zake kwamba damu chafu hutolewa kwa moto, na kwamba maji yasiyouma hayafanyi kazi. Akamkanda jirani kama alivyowakanda wote, tumboni, juu ya mshono, kwa taulo lililotoka kwenye sufuria inayochemka. Jirani alilia, na wanawake waliokuwapo walimsifu kwa uvumilivu. Siku ya nne kidonda kilifumuka. Jirani alirudishwa hospitalini na kulala huko wiki nyingi, na mtoto akanyonyeshwa na shangazi yake.

"Nilikwenda kila siku na uji," Mkandaji alisema. "Muuguzi mmoja akaniuliza mbele ya wodi nzima, 'Wewe ndiye uliyempika mwenzako?' Nikamwambia, ndiyo, ni mimi. Sasa niambie nilipaswa kufanya nini. Usinitukane tu halafu ukaondoka. Nifundishe."

Muuguzi alishangaa, akamfundisha. Mkandaji alikaa kwenye benchi la korido ile siku nyingi kuliko walivyokaa ndugu wa mgonjwa, akiuliza kila aliyepita na koti jeupe. Alijifunza kwamba mshono haukandwi, huoshwa na kukaushwa. Alijifunza rangi ya damu inayopaswa kupungua na harufu ambayo haipaswi kuwapo. Mgongo, mabega, nyonga na miguu aliendelea kuvikanda, kwa maji ambayo kwanza aliyajaribu kwenye kiwiko chake mwenyewe. Aliacha kumwita mvumilivu mwanamke anayelia. Akilia, alisema, maji ni ya moto mno.

Wakandaji wenzake walimcheka kwamba amenunuliwa na hospitali. Hospitalini nako walimwona mwanamke wa mitishamba. Hakujitetea kwa yeyote kati yao.

Sitaki msomaji adhani kwamba alikuwa mtu wa kupendeza. Alikuwa na ulimi mkali na kinyongo cha miaka. Alisikiliza mpira redioni kwa sauti ambayo ilimwamsha mwanangu, na timu yake ikifungwa hakusema na mtu hadi jioni. Alidanganya bila kupepesa macho: mara ngapi nilimsikia akiwaambia wageni kwamba nimelala, na mimi nimekaa kitandani nakula sato kwa mikono miwili! Aliamini kwamba upepo huingia mwilini kupitia nyayo, hivyo nilivaa soksi za sufu katika joto la Mwanza kwa siku arobaini, na hoja zangu zote za kisomi hazikuzivua. Mkaja alitaka kuufunga kwa nguvu. Daktari alikuwa amesema ulegezwe kwa ajili ya mshono. Aliulegeza, lakini alinuna.

Na kulikuwa na jambo moja lililomshangaza kila mtu. Hakuinua ndoo. Aliyachemsha maji, aliyapima, aliyaamuru yaletwe, lakini hakuyabeba hata mara moja. Alikaa. Hata mtoto alimpokea akiwa amekaa. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Usagara kutusaidia, alilisema hilo bila kuficha.

"Mkandaji gani asiyeinua ndoo? Huyu ametuletea makalio tu."

Mama mkwe ni mkulima. Alikuja na mchele, kuku wawili na msimamo kwamba wanawake wa siku hizi wamedekezwa. Siku ya nane aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba ndugu watakuja Jumapili kumwona mtoto na ingependeza wakinikuta jikoni hata kwa kukoroga tu, wajue mwanawe ameoa mwanamke na si mgonjwa. Mkandaji alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso.

"Atakoroga siku ya arobaini na moja," alisema.

"Mimi nimezaa saba," mama mkwe alijibu. "Siku ya saba niko shambani na jembe. Sikufa."

"Hukufa, dada. Na leo ukicheka?"

"Nikicheka kuna nini?"

"Ukicheka. Ukikohoa. Ukipiga chafya kanisani. Kanga inabaki kavu?"

Mama mkwe alimkazia macho, mdomo ukaanza kumcheza, kisha kicheko kikamtoka ambacho sijawahi kukisikia kwake, kicheko cha tumboni, akajishika, akainuka ghafla na kukimbilia chooni. Tulimsikia akiendelea kucheka hukohuko.

Jioni ile niliwasikia jikoni, sauti zao ziko chini. "Kaza kama unazuia mkojo njiani," Mkandaji alikuwa anasema. "Hesabu mpaka kumi. Legeza. Tena." Na mama mkwe, mama wa watoto saba, akihesabu kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Jumapili ndugu walipofika, ni yeye aliyewakabidhi ndoo.

Ninapaswa kuwa mkweli pia kuhusu upande wangu, kwa kuwa aliyeipinga arobaini kuliko wote si mama mkwe. Ni mimi. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa afisa mipango, niliona siku arobaini za kulala kuwa mabaki ya zama ambazo wanawake hawakuwa na kazi za kwenda. Mkandaji alipotoka kusali, nilivuta kompyuta yangu mpakato kutoka chini ya mto na kuandika ripoti ya barabara za mkoa. Alinikamata mara mbili. Mara ya kwanza aliitazama mashine kama mtu anavyotazama mlevi aliyeingia msibani. Mara ya pili aliifunga mwenyewe.

"Hao wanaoisubiri," aliuliza, "wamelazwa wangapi?"

"Hakuna aliyelazwa, bibi."

"Basi watasubiri wakiwa wazima."

Siku ya tisa nilipata homa. Nilimeza vidonge vya maumivu na sikumwambia mtu, kwa sababu ripoti ilikuwa imebaki kurasa nne na kwa sababu nilijua atakavyosema. Mchana alikuja kunikanda mgongo. Alinifunua, akasita, akainamisha kichwa karibu na kitambaa changu cha damu kama mpishi anayenusa chungu.

"Hii si harufu ya uzazi," alisema. "Tangu lini?"

"Labda jana."

"Labda? Mwanamke uliyesoma unaniambia labda?" Kisha akapaza sauti kuelekea ukumbini. "Baba mtoto! Bajaji, sasa hivi! Dada, mshike mtoto!"

Hospitalini palikuwa na foleni, na nyuma ya meza palikuwa na muuguzi kijana aliyechoka. Aliomba kadi ya mtoto.

"Mtoto yuko nyumbani, anaendelea vizuri," Mkandaji alisema. "Tumemleta mama."

"Mama tarehe yake ya kurudi bado, bibi."

"Homa haikusoma tarehe."

"Bibi, kuna utaratibu."

Mkandaji alichukua kadi mikononi mwa mume wangu, akaifungua juu ya meza, na kuilainisha kwa kiganja. Sauti yake haikupanda. Nakumbuka watu wa foleni waligeuka kwa sababu ya utulivu wake.

"Haya, mwanangu, nionyeshe. Hapa kuna uzito wa mtoto. Hapa kuna chanjo yake. Hapa mmechora mstari, akipungua mtajua. Mama yake aliyemtoa yuko ukurasa gani? Damu yake imeandikwa wapi? Nani ameuliza kama anaweza kusimama?" Alininyooshea kidole. "Mimi niliwahi kumuunguza mzazi, nikasema ni mimi. Wewe huyu akianguka hapa utasema ni nani?"

Muuguzi aliinua simu. Nililazwa mchana uleule. Kulikuwa na maambukizi katika kizazi, na daktari alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba tungechelewa siku moja au mbili angezungumza nasi mambo mengine. Nilikaa wodini siku tano. Mkandaji alikuja kila siku na uji wa ulezi, akakaa kwenye benchi la korido. Ripoti yangu ilimaliziwa na mtu mwingine, na hakuna barabara ya mkoa iliyobomoka.

Niliporudi nyumbani nililala. Sikulala kwa kushindwa. Nililala kama mtu aliyegoma. Mume wangu alijifunza kufua nepi na kuzianika mbele ya nyumba, majirani wakimwona, akaacha kuona haya siku ya tatu. Siku zile tano za wodini Mkandaji hakuzihesabu. "Zile ni za hospitali," alisema. "Zako bado." Hivyo arobaini yangu ilikuwa na siku arobaini na tano.

Mwishoni mwa siku hizo, wakati ananifungua mkaja kwa mara ya mwisho, nilimuuliza lile swali la ndoo. Niliuliza kwa utani. Hakucheka. Aliukunja mkaja mpaka ukawa mdogo kama kitabu.

Alisema kwamba uzazi wake wa tatu ulikutana na dagaa wengi. Alikuwa akinunua dagaa ufukweni, akiwaanika kwenye kichanja na kuwauza wakikauka, na mwaka huo ziwa lilikuwa limefunguka. Kila boti ilirudi imejaa. Siku ya nne baada ya kujifungua walimwita. Hakuna aliyemlazimisha, alisema. Mumewe alisema tu, "Wenzako wako kule." Mama mkwe wake alisema tu, "Mtoto nitamshika." Akabeba mabeseni kichwani kutoka majini hadi kwenye kichanja, siku nzima, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Jioni ya siku ya sita alichuchumaa na kuhisi kitu kikimtoka.

"Kizazi kilishuka," alisema. "Nilikirudisha kwa mkono. Nikajifunga kitambaa. Nimejifunga kitambaa mpaka leo."

Nilihesabu kichwani. Mtoto wake wa tatu alikuwa na watoto wake mwenyewe.

"Nikiinua kitu kizito kinashuka. Nikisimama sana kinashuka. Ndiyo maana nakaa, na nikiwa nimekaa naona kila anayeingia. Nikawaza, kama mimi siwezi kubeba ndoo, na mzazi hawezi kubeba ndoo, basi wabebe hao wenye viuno vizima wanaokuja kuangalia mtoto."

"Bibi, hili linatibika," nilisema. "Upasuaji upo. Twende nami."

"Na mlangoni atakaa nani?"

Nilimwambia hivyo mwaka ule, na mwaka uliofuata, na kila nilipomkuta mjini amekalia kigoda mlangoni mwa mtu. Kila mara alikuwa na mzazi mmoja aliyebakiza siku kumi na mwingine aliyekuwa anakaribia. Alikuwa hodari wa kuzipigania arobaini za watu wote, na yake aliitupa kama maganda. Siku moja nilimwambia kwa hasira kwamba yeye ndiye mwanamke anayedharauliwa kuliko wote anaowahudumia, na anayemdharau ni yeye mwenyewe. Hakusema nami kwa miezi minne, kama siku timu yake ilipofungwa.

Mwaka huu, mtoto wangu akiwa darasa la pili, nilipigiwa simu na mke wa mwanawe. Mkandaji alikuwa amekwenda hospitalini peke yake, bila kumuaga mtu, akiwa na kitenge na sufuria moja ndani ya mfuko wa plastiki. Alifanyiwa upasuaji. Sasa alikuwa nyumbani.

Nilikwenda Mabatini asubuhi. Nyumba yake iko nyuma ya duka la mwanawe la vifaa vya ujenzi, na nilipoingia uani nilimkuta kijana mmoja amesimama, mikono ameifumbata, uso wa mtu asiyelala. Mkewe alikuwa amejifungua juzi. Alikuwa amekuja kumchukua Mkandaji. Bajaji ilikuwa inanguruma nje.

Na Mkandaji alikuwa anajiandaa. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja tayari ndani ya ndara, mkono umeshika ukuta. Alikuwa amekonda. Daktari alikuwa amemwambia apumzike wiki sita bila kuinua kitu.

"Shikamoo, bibi. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nakwenda kukaa tu. Sitainua kitu. Kigoda nitapewa kulekule."

"Leo siku ya ngapi?"

Alitafuta ndara ya pili kwa mguu.

"Bibi. Siku ya ngapi?"

"Ya kumi na moja," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliangalia chini. "Yule binti ni mzazi wa kwanza. Hana mama. Atakandwa na nani?"

"Hao wanaokusubiri, wamelazwa wangapi?"

Aliinua uso. Aliitambua sentensi yake. Niliona kinywa kikijiandaa kwa tusi, na tusi halikuja. Niliinama nikamvua ndara, nikamlaza, nikamfunika shuka. Halafu nilifungua begi langu na kutoa soksi za sufu nilizokuwa nimekuja nazo, na nikamvalisha, ya kushoto kisha ya kulia. Alinitazama muda wote kwa chuki iliyochanganyika na kitu kingine.

"Unaniweka arobaini," alisema. "Mimi. Bibi mzima."

"Nakuweka."

"Sikuzaa."

"Ulizaa. Ila hukuwahi kulala arobaini."

Aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika kidogo, nami nikatoka kwa sababu nilimjua: asingetaka kuonwa.

Kigoda chake kilikuwa ukumbini. Nilikibeba hadi kwenye mlango wa chumba, nikakikalia, nikanyoosha miguu. Kijana akasogea.

"Mama, anakuja?"

"Haji. Yupo arobaini."

"Arobaini? Yule bibi?" Alicheka kidogo, akaona sicheki. "Sasa mke wangu mimi nifanyeje?"

Nilielekeza kidole kwenye ndoo ya njano iliyokuwa karibu na mlango wa jiko. Ilikuwa ileile au nyingine, sijui, pengine alikuwa nazo nyingi. Kijana aliitazama, akanitazama, akaenda bombani. Tulimsikia akijaza pipa, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na dereva wa bajaji akizima injini yake huko nje.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, dhaifu lakini kali kama zamani.

"Amechota?"

"Amejaza pipa, bibi."

"Mikono anayo miwili?"

"Anayo."

"Basi atamkanda mwenyewe. Mwache asimame hapo mlangoni, asiingie. Nitamwelekeza."

Kijana alinigeukia kana kwamba anataka nikanushe. Mwanamume kumkanda mkewe? Wangesema nini kwao? Nilisogeza miguu yangu kidogo, nafasi ya mtu mmoja kusimama, na si zaidi. Alijifuta mikono kwenye suruali, akasogea, akainamisha kichwa.

"Sikiliza, baba," Mkandaji alisema kutoka kitandani, soksi zake zikionekana kwenye ncha ya shuka. "Kabla hujamgusa mkeo, nikuambie niliyemuunguza."

Nilibaki nimekalia kigoda. Uani wageni wengine walikuwa wameanza kuingia na mfuko wa matunda, na ndoo ilikuwa tupu, na siku zilizobaki zilikuwa ishirini na tisa.